Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: gharama ya kutokwa damu kwa wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda, Mwanza na visiwani

Maswali haya ni ya wagonjwa na ndugu zao wanaofika dirisha la dawa jijini Mwanza, wengi wakiwa wametoka Ukerewe, Sengerema, Magu na Misungwi. Majibu yanahusu fedha kuliko yanavyohusu tiba, kwa sababu upande wa tiba mgonjwa huelezwa kliniki, ilhali upande wa fedha familia huachiwa iujue yenyewe, mara nyingi usiku, kwenye benchi la nje ya wodi. Hakuna jibu hapa linalomruhusu mtu kubadili dozi yake bila daktari.

Dawa hizi ni zipi, na je, ni kweli zinayeyusha damu?

Haziyeyushi damu wala haziifanyi iwe nyepesi kama maji, ingawa jina hilo limeshazoeleka hata kwa wahudumu. Kazi yake ni kuchelewesha damu kuganda. Warfarini, ambayo ndiyo inayotumika zaidi kwetu, hulizuia ini kuitumia vitamini K katika kutengeneza protini kadhaa za kugandisha damu. Heparini na enoksaparini ni za sindano. Rivaroksabani, apiksabani na dabigatrani ni vidonge vya kizazi kipya. Aspirini na klopidogreli ni kundi jingine, linalozuia chembe sahani za damu zisishikane, lakini nazo huongeza hatari ya kutokwa damu, hasa zikichanganywa na warfarini.

Jina la "kuyeyusha" lina hasara yake. Mgonjwa anayeamini kwamba damu yake imekuwa maji huona fizi kutoka damu kila asubuhi ni jambo la kutarajiwa, akalinyamazia, kumbe ilikuwa taarifa ya bure iliyomjia wiki mbili kabla ya taarifa ya gharama.

Nimesikia kwamba warfarini ni sumu ya panya. Ni kweli?

Ni kweli, na haipaswi kumtisha mtu. Asili yake ni ng'ombe wa Marekani na Kanada waliokuwa wakifa kwa kutokwa damu miaka ya 1920 baada ya kula majani makavu yaliyoota ukungu. Kemikali iliyokuwemo ilitafitiwa katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, utafiti huo ukazaa warfarini, ambayo iliuzwa kama sumu ya panya kuanzia 1948, na ikaruhusiwa kwa binadamu mwaka 1954. Mwaka uliofuata alipewa Rais Eisenhower wa Marekani baada ya mshtuko wa moyo. Kinachotofautisha sumu na dawa hapa ni kiasi, na ndiyo maana kipimo cha damu hakikwepeki.

Kwa nini basi mtu apewe dawa inayoweza kumtoa damu?

Kwa sababu bonge la damu lingemdhuru zaidi. Mwenye moyo unaopiga bila mpangilio anaweza kupata kiharusi, na warfarini iliyodhibitiwa vizuri hupunguza hatari hiyo kwa takriban theluthi mbili. Mwenye valvu ya chuma, yaani mlango wa bandia wa moyo, asipotumia warfarini, valvu inaweza kuziba. Kanda ya Ziwa ina wagonjwa wengi wa aina hii wakiwa bado vijana, kwa kuwa homa ya baridi yabisi ya utotoni huharibu valvu za moyo miaka mingi kabla ya mtu kujijua. Huyo atatumia dawa maisha yake yote, na ndiyo maana hesabu yake ya fedha ni ya miongo.

Kutokwa damu kupi kunahesabiwa kuwa kukubwa?

Wataalamu wengi hutumia kigezo cha mwaka 2005: damu inayosababisha kifo, inayovuja mahali pa hatari kama ndani ya kichwa, inayoshusha wingi wa damu kwa gramu 2 au zaidi katika desilita, au inayolazimu mgonjwa kuongezewa chupa mbili au zaidi. Nyingine zote huitwa ndogo.

Neno "ndogo" ni la hospitali na wala si la nyumbani. Puani kukitoka damu saa nzima, mgonjwa halazwi, lakini siku hiyo hafungui genge. Mkwaruzo wa mwiba wa sangara ambao kwa mwingine hufungwa kitambaa ukasahauliwa, kwa mwenye warfarini unaweza kumtoa kazini siku mbili. Ripoti huzihesabu damu kubwa, na familia nyingi humalizwa na ndogo zinazojirudia.

Kidonge cha warfarini ni cha bei ndogo. Kwa nini mnasema matibabu haya ni ghali?

Hili ndilo swali ambalo mengine yote yanalizunguka. Bei ya kidonge ni sehemu ndogo sana ya bei ya warfarini. Dawa hii inauzwa pamoja na vitu visivyoandikwa kwenye risiti. Cha kwanza ni kipimo cha INR, kinachoonyesha damu inachelewa kuganda kwa kiasi gani. Wagonjwa wengi hutakiwa wakae kati ya 2 na 3, na wenye valvu ya chuma upande wa mitrali, yaani kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo, hutakiwa wakae juu kidogo, kati ya 2.5 na 3.5. Cha pili ni safari ya kukifikia kipimo hicho. Cha tatu ni siku ya kazi inayopotea. Cha nne ni mtu wa kumsindikiza, ambaye naye ana kazi yake. Cha tano ni gharama ya kutokwa damu pale mambo yanapoharibika.

Warfarini ina nafasi finyu kati ya dozi isiyotosha na dozi inayodhuru. INR ikishuka chini ya 2, mgonjwa analipia dawa isiyomlinda. Ikipanda sana, hasa ikipita 4, hatari ya kutokwa damu huongezeka haraka. Na INR hupanda kimyakimya, bila maumivu wala homa, hivyo mgonjwa anayejisikia mzima ana sababu ya kila namna ya kuahirisha kipimo, hasa mwezi ambao ada ya shule inadaiwa. Tatizo hili si la maskini peke yao. Nchini Marekani, ambako vipimo viko kila mtaa, utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba warfarini ilihusika katika karibu theluthi moja ya matukio ya wazee kulazwa kwa dharura kutokana na madhara ya dawa. Kama huko hali ni hiyo, mgonjwa wa kisiwani anayetegemea meli na boti hapaswi kulaumiwa upesi.

Kwa hiyo mtu akiniuliza dirishani "hii ni shilingi ngapi", namtajia bei ya pakiti, kisha namuuliza anaishi wapi. Jibu la pili ndilo linaloniambia atalipa kiasi gani.

Ninaishi Ukerewe. Nauli na siku ninayopoteza vinazidi bei ya kipimo chenyewe. Je, naweza kupima mara moja kwa miezi mitatu?

Inategemea damu yako imetulia kiasi gani. Mwanzo wa matibabu na kila dozi inapobadilishwa, kipimo hurudiwa baada ya siku chache au wiki, kwa sababu warfarini huchukua siku kadhaa kuonyesha nguvu yake yote. Ila mwongozo wa madaktari wa kifua wa Marekani wa mwaka 2012 ulikubali kwamba mgonjwa ambaye INR yake haijayumba kwa muda mrefu anaweza kupima hadi kila wiki 12. Hilo ni jambo la kumwomba daktari wako kwa mdomo wako mwenyewe, ukiwa na daftari la matokeo yaliyopita mkononi. Wapo wagonjwa waliotulia wanaoitwa kila mwezi kwa mazoea tu, na wapo wanaoyumba ambao hawaonekani miezi sita. Wa kwanza wanapoteza nauli, na wa pili wanaiweka akiba ya nauli mahali pa hatari.

Muulize pia kama kipimo kinaweza kufanyika hospitali ya wilaya, majibu yakapelekwa kwa daktari kwa simu. Panga tarehe ya INR iangukie siku ya kliniki nyingine au siku ya kufuata mzigo mjini. Wanaotoka Sengerema wamepata nafuu ya njia tangu Daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025, kwa kuwa zile saa za foleni ya kivuko zilikuwa nazo ni gharama, hata kama hazikuwahi kuandikwa popote. Visiwani nafuu hiyo haijafika.

Mgonjwa akilazwa kwa kutokwa damu, fedha huenda wapi?

Huanza na vipimo: wingi wa damu, INR, kundi la damu, figo na ini. Damu ikiwa imetoka tumboni, mgonjwa anahitaji endoskopi, yaani kamera inayoingizwa kooni kutafuta jeraha, huduma ambayo mtu wa wilayani huifuata hospitali kubwa kama Bugando, hospitali ya rufaa ya kanda iliyoko juu ya kilima tangu 1971. Kichwa kikiuma ghafla au mkono ukilegea, kinachohitajika ni picha ya CT, yaani picha ya ndani ya kichwa, na haingoji ndugu wachange. Kisha kuna tiba ya kurudisha nguvu ya kuganda. Vitamini K ni ya bei ndogo lakini inachukua saa nyingi kufanya kazi. Plazima, yaani majimaji ya damu yaliyohifadhiwa kwa baridi kali, inafanya kazi haraka zaidi, ila ni lazima iwepo na iyeyushwe. Ipo pia dawa iliyokolezwa protini zenyewe za kugandisha, inayofanya kazi upesi kuliko zote, na bei yake ni ya kiwango kingine kabisa. Mwishoni zinakuja siku za kitanda, na hizi huongezeka kwa sababu mgonjwa haruhusiwi mpaka daktari aamue lini dawa ianze tena.

Mgonjwa wa valvu ya chuma ana fundo la ziada: akipewa vitamini K kwa wingi, warfarini inaweza kukataa kushika kwa siku kadhaa baadaye, na katika siku hizo atahitaji sindano za heparini ili valvu isizibe. Damu inasimama, na bili inaendelea.

Tuliambiwa damu haiuzwi. Kwa nini basi tulitumia fedha?

Damu haiuzwi, na anayekuuzia anavunja utaratibu, ukatoe taarifa. Mpango wa Taifa wa Damu Salama una kituo chake cha kanda hapa Mwanza, na damu inayotoka huko hutolewa kwa mgonjwa bila malipo. Lakini akiba ikipungua ndugu huombwa wachangie ili kujaza pengo, na hapo ndipo fedha zinapotoka: nauli ya vijana watatu kutoka Kwimba, chakula chao, siku yao shambani, na mmoja kati yao kukataliwa kwa sababu naye ana upungufu wa damu. Mwanamume anaweza kuchangia kila baada ya miezi mitatu na mwanamke kila baada ya miezi minne. Familia yenye mgonjwa wa warfarini ingefanya busara kuwa na ndugu wawili watatu wanaochangia kwa zamu wakati wa amani, hata kama anayefaidika siku hiyo ni mgonjwa wa mtu mwingine.

Mimi ni mvuvi, niliwahi kuugua kichocho cha tumbo. Kinahusiana vipi na dawa hizi?

Kinahusiana sana, na ajabu ni kwamba vitabu vingi vya dawa hizi, vilivyoandikwa mbali na ziwa, havikitaji. Minyoo ya kichocho cha tumbo huishi katika mishipa ya utumbo, na mayai yake hunasa kwenye ini na kuacha makovu. Makovu hayo hubana njia ya damu, shinikizo hupanda, na mishipa ya chini ya koo la chakula huvimba kama mpira uliojazwa maji. Ikipasuka, mtu hutapika damu hata kama hajawahi kumeza kidonge chochote cha moyo. Sasa weka warfarini juu yake: dawa haikutengeneza uvimbe huo, ila inaifanya damu igome kusimama.

Prazikwanteli inaua minyoo, na wengi wameimeza shuleni au kijijini, lakini kovu la zamani linaweza kubaki. Kwa hiyo mtu aliyekulia ufukweni au visiwani, hasa mwenye tumbo lililojaa upande wa kushoto au aliyewahi kutapika damu, amwambie daktari kabla ya kidonge cha kwanza cha warfarini. Picha ya ultrasaundi ya tumbo hugharimu sehemu ndogo tu ya kazi ya kufunga mishipa hiyo kwa mpira kupitia endoskopi, kazi ambayo kwa kawaida hurudiwa mara kadhaa.

Mke wangu ana valvu ya chuma na hedhi yake imekuwa nzito mno. Je, hili nalo ni madhara ya dawa?

Ndiyo, na ni katika gharama zinazofichwa kuliko zote kwa sababu hakuna anayelazwa. Pedi zinakuwa mara mbili au tatu ya kawaida, siku za kukaa ndani zinaongezeka, na upungufu wa damu unajengeka taratibu mpaka siku anapoanguka kisimani ndipo inasemekana ameugua ghafla. Nimeona wanawake walioamua wenyewe kuacha vidonge siku tano za kila mwezi. Ninaelewa kwa nini, na bado naliona ni jambo la hatari kwa valvu.

Mpeleke kwa daktari wa magonjwa ya wanawake na umtajie warfarini. Zipo njia za homoni zisizo na estrojeni zinazopunguza hedhi na kuzuia mimba kwa pamoja, na kwake kuzuia mimba isiyopangwa ni jambo zito, kwa kuwa warfarini inaweza kumdhuru mtoto, hasa kati ya wiki ya 6 na ya 12. Akitamani mtoto, mpango ufanywe kabla ya mimba, maana matibabu ya kipindi hicho yanahitaji bajeti yake.

Je, vidonge vipya havitoi damu? Tukilipa zaidi, tutaokoa zaidi?

Vinatoa, ila kwa namna tofauti. Katika jaribio kubwa la apiksabani lililochapishwa mwaka 2011, damu kubwa iliwapata asilimia 2.13 ya wagonjwa kwa mwaka, na waliokuwa kwenye warfarini asilimia 3.09. Uchambuzi wa mwaka 2014 uliojumuisha majaribio manne yenye wagonjwa zaidi ya 71,000 ulionyesha kwamba dawa mpya kwa ujumla zilipunguza damu ya ndani ya kichwa kwa karibu nusu, huku damu ya tumbo na utumbo ikiongezeka kwa karibu robo. Hazihitaji INR. Kwa mtu wa Ukara au Nansio, kutohitaji INR ni kufuta nauli na siku nzima kwenye hesabu, na hapo kidonge cha bei kubwa kinaweza kuwa nafuu kuliko cha bei ndogo. Shirika la Afya Duniani liliziingiza dawa hizi kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2019.

Lakini si kwa kila mtu. Mwenye valvu ya chuma asizitumie: jaribio la dabigatrani kwa wagonjwa hao lilisimamishwa, na matokeo ya mwaka 2013 yalionyesha mabonge na damu zaidi kuliko warfarini. Kwa wenye ugonjwa wa valvu uliotokana na homa ya baridi yabisi na moyo unaopiga bila mpangilio, jaribio la mwaka 2022 lilionyesha kwamba warfarini na ndugu zake ziliokoa maisha zaidi kuliko rivaroksabani. Kwa bahati mbaya hao ndio wagonjwa wetu wengi. Figo nazo zipimwe, kwa kuwa dabigatrani hutoka mwilini zaidi kwa njia ya mkojo. Na rivaroksabani ya miligramu 15 au 20 imezwe pamoja na chakula, la sivyo unalipia kidonge kisichofyonzwa vizuri.

Onyo moja la fedha: nguvu ya dawa mpya huisha ndani ya siku moja au mbili. Anayeimudu Januari akaikosa Machi hana kinga yoyote Machi. Ukianza, hakikisha una fedha za kuendelea.

Je, chakula na dawa za dukani vinaweza kuleta gharama hii?

Mboga za majani zina vitamini K, nayo hupunguza nguvu ya warfarini. Hii haina maana uache mchicha, matembele au kisamvu. Maana yake ni kula kwa kiasi kisichobadilika sana. Tatizo la kwetu ni majira. Masika mboga ziko kila mlango, daktari anapandisha dozi kufidia, kisha kiangazi kinafika, mboga zinaadimika, na dozi ile ile inakuwa kubwa mno. Mwenye kutunza nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, anaweza kusawazisha sahani yake mwaka mzima.

Dawa za dukani ni hatari zaidi kuliko mboga. Metronidazoli inayonunuliwa kwa ajili ya tumbo, Septrin, siprofloksasini na flukonazoli hupandisha INR. Diklofenaki na ibuprofeni za mgongo na meno huchokoza tumbo na kuzidisha hatari. Rifampisini ya kifua kikuu hufanya kinyume, hushusha INR, kwa hiyo dozi ya warfarini hupandishwa. Mgonjwa akimaliza miezi yake 6 ya kifua kikuu bila dozi hiyo kushushwa, INR inaruka. Kila unapoandikiwa dawa mpya au kumaliza ya zamani, omba INR ndani ya wiki moja.

Bima inalipa?

Bima hulipa kile kinachofanyika ndani ya ukuta wa hospitali, kwa kadiri ya kifurushi chako. Mwanachama wa NHIF, yaani Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, aulize mapema kama dawa yake, hasa ile mpya, imo kwenye orodha. CHF iliyoboreshwa, yaani Mfuko wa Afya ya Jamii, ilipangwa kuishia hospitali ya rufaa ya mkoa, ambayo kwa hapa ni Sekou Toure, kwa hiyo endoskopi ya Bugando inaweza kukukuta nje ya mipaka yake. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inalenga kumfikia kila mkazi. Asiye na bima wala uwezo aende ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali siku ya kwanza, akiwa na barua ya serikali ya mtaa au kijiji. Akisubiri siku ya kuruhusiwa, majadiliano huwa magumu. Nauli, chakula cha msindikizaji na siku za kazi hazina bima yoyote.

Nitafanyaje hesabu ya familia yangu?

Chukua mfano huu wa kubuni. Mama anauza dagaa mwalo wa Kirumba na hubakiwa na shilingi 12,000 kwa siku. Anatokwa damu tumboni, analazwa siku 8, kisha anapumzika siku 12: siku 20, shilingi 240,000. Binti yake, mama lishe anayebakiwa na 10,000, anafunga kibanda siku 8: shilingi 80,000. Chakula cha wodini siku 8 kwa 6,000 ni 48,000. Safari nne za 8,000 ni 32,000. Wachangia damu watatu kwa 7,000 ni 21,000. Jumla ni shilingi 421,000, na hospitali haijadai hata senti.

Sasa tuwe wakweli kwa upande wa pili. Kama kupima INR kunamgharimu 25,000 kila mwezi, nauli na siku ya kazi vikiwemo, kwa mwaka ni 300,000, na hizi atazilipa kila mwaka, ilhali damu inaweza isimtoke kamwe. Mama anayeruka kipimo ana hesabu yake kichwani, na wala si mjinga. Kinachobadilisha hesabu ni kupunguza gharama ya kipimo: akitulia na kuruhusiwa kupima kila wiki 12, ni takriban mara nne kwa mwaka, shilingi 100,000.

Kisha kuna mtaji. Fedha ya mzigo wa dagaa ndiyo hutumika kwanza, halafu kikoba, halafu ng'ombe wa nyumbani, na mwisho ile mikopo ya mtaani ambayo watu wenyewe wameipa jina la "kausha damu". Sijui kama aliyeibuni jina hilo alimfikiria mgonjwa wa warfarini, lakini nimeona vyote viwili katika nyumba moja. Deni la namna hiyo hubaki muda mrefu baada ya jeraha la tumbo kupona.

Baba alitokwa damu mwaka jana, tukaamua aache dawa. Je, hatujaokoa fedha?

Kwa miezi ya kwanza, ndiyo. Hatari ni kiharusi, ambacho gharama zake hazina siku ya kuruhusiwa: mazoezi ya viungo, nepi za watu wazima, na mtu mzima mmoja wa nyumbani kugeuka muuguzi bila mshahara, kwa kawaida binti au mkwe. Wagonjwa wengi waliotokwa damu tumboni wanaweza kurudishiwa dawa baada ya chanzo kutibiwa, pengine pamoja na omeprazoli ya kulinda tumbo au kwa kuondoa aspirini isiyo ya lazima. Aliyevuja kichwani ana uamuzi mgumu zaidi. Vyovyote vile, mrudisheni kliniki mkaulize swali hili waziwazi. Kuacha kwa daktari ni tiba, kuacha kwa hofu ni kamari.

Dalili zipi hazisubiri boti ya asubuhi?

Choo cheusi kama lami, kutapika damu au kitu kama machicha ya kahawa, mkojo mwekundu, maumivu makali ya kichwa yaliyoanza ghafla, kulegea upande mmoja, kuanguka na kugonga kichwa hata kama hakuna jeraha, na damu ya pua au ya jino isiyosimama baada ya kubanwa dakika 15. Kwa hizi, kukodi boti usiku ni nafuu.

Beba daftari la INR na pakiti yenyewe ya dawa. Ukifika mapokezi, kabla hujaeleza habari za safari au za nani yuko wapi, taja jina la dawa na saa aliyomeza kidonge cha mwisho. Warfarini, dabigatrani na apiksabani hutibiwa kwa njia tofauti zinapotoa damu, na daktari asiyejua ni ipi atalazimika kuitafuta kwa vipimo ambavyo wewe ndiye utakayevilipia.